Umdhaniaye Ndiye, Kumbe Siye: Mbwa wa Dhahabu na Ukoga wa Ziwani

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba umdhaniaye ndiye, kumbe siye. Aghalabu methali hiyo hutumika katika habari za watu: rafiki aliyegeuka msaliti, au mgeni mnyonge aliyekuja kuwa msaada siku ya dhiki. Lakini maana yake haikomei kwa binadamu. Viumbe wa porini na wa majini nao wanayo hadaa ya maumbile. Mmoja hutisha kwa umbo na sauti, naye hana neno na mtu; mwingine hupita mbele ya macho ya watu kama si kitu, naye amebeba mauti.

Mfano bora wa jambo hili unapatikana mbali, katika nchi ya Brazili, bara la Amerika ya Kusini. Mji mkuu wa nchi hiyo, Brasília, ulifunguliwa rasmi tarehe 21 Aprili, 1960. Ulijengwa katikati ya nchi, kwenye uwanda wa juu wenye nyasi ndefu na miti mifupi iliyopinda, ambao Wabrazili huuita Cerrado. Wajenzi wa mji huo walimkuta pale mnyama mmoja wa ajabu, wakamwogopa. Kisha, bila kujua, wakamwandalia makao kiumbe mwingine mdogo kupita kiasi, wala hawakumwogopa hata kidogo. Habari za viumbe hao wawili zina mafunzo kwa kila nyumba inayoteka maji ziwani, mtoni au bwawani.

MBWA WA DHAHABU

Mnyama huyo wa kwanza Wabrazili humwita lobo-guará. Katika nchi za Argentina na Paraguai hujulikana kwa jina la aguará guazú, ambalo katika lugha ya Kiguarani maana yake ni mbweha mkubwa. Hapa ataitwa guara. Wataalamu wa wanyama nao walimpa jina la Kigiriki lenye maana ya mbwa wa dhahabu, kwa sababu ya manyoya yake ya rangi nyekundu iliyokolea, yanayong'aa jua la jioni linapoyapiga.

Amtazamaye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kichwa cha mbweha kimewekwa juu ya miguu ya swala. Kimo chake mabegani hufikia sentimita 90 hivi, ilhali uzito wake ni kati ya kilo 20 na 30 tu. Miguu yake ni mirefu, myembamba na myeusi, mithili ya mtu aliyevaa soksi ndefu. Juu ya shingo ana singa nyeusi ambazo husimama anapotishwa, ili aonekane mkubwa zaidi kuliko alivyo. Atembeapo, huinua pamoja mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja, kama atembeavyo ngamia. Urefu wa miguu hiyo humsaidia kuona juu ya nyasi, na masikio yake makubwa humwezesha kusikia panya akichakura chini ya majani.

Ingawa jina lake la Kibrazili humfanya ahesabiwe kuwa mbwa mwitu, yeye si ndugu wa karibu wa mbwa mwitu wa Ulaya, wala si mbweha wa kweli. Ana ukoo wake wa peke yake. Miongoni mwa wanyama walio hai leo, aliye karibu naye zaidi ni mbwa mdogo wa misitu ya Amerika ya Kusini, mwenye miguu mifupi na mwili mnene, ambaye kwa sura hawafanani hata kidogo.

Mtaalamu James Dietz, ambaye kitabu chake juu ya guara kilitolewa mwaka 1984, aliwafuatilia wanyama hawa katika Hifadhi ya Taifa ya Serra da Canastra. Aliona kwamba dume na jike hushirikiana eneo moja lenye wastani wa kilomita za mraba 27 hivi, lakini kila mmoja hutembea na kuwinda peke yake usiku. Hawaendi kwa makundi kama mbwa mwitu wa Afrika. Alipochunguza mavi yao, aligundua jambo lililowashangaza wengi: kiasi cha nusu ya chakula cha mnyama huyu si nyama, bali ni matunda na mimea.

Tunda alipendalo kuliko yote ni la mti mdogo uitwao lobeira. Mti huo ni wa jamii moja na nyanya, biringanya na nyanya chungu zinazopikwa katika nyumba zetu. Guara hulimeza tunda pamoja na mbegu, kisha huziacha mbegu hizo mbali na mti wake, zikiwa zimezungukwa na mbolea. Kwa njia hiyo mnyama aliyedhaniwa kuwa mwindaji mkali ni mkulima wa porini, apandaye usiku bila jembe. Sehemu nyingine ya chakula chake ni panya, ndege wadogo, wadudu na wanyama wengine wadogo. Kwa ng'ombe hana uwezo, na kwa binadamu hana haja. Amwonapo mtu, hukimbia.

HOFU ISIYO NA MSINGI

Licha ya upole huo, guara amepata taabu nyingi mikononi mwa watu. Kosa lake kubwa ni umbo lake na sauti yake. Usiku hutoa mlio mzito unaosikika mbali sana, na msafiri aliye peke yake akiusikia gizani hudhani kuwa jitu limesimama njiani. Wafugaji walimhesabu kuwa mwizi wa kuku. Ni kweli kwamba huiba kuku mara mojamoja, banda likiachwa wazi. Lakini panya anaowala katika mashamba ni wengi kuliko kuku. Wengine walimwua kwa ajili ya viungo vyake, wakiamini kwamba macho yake huleta bahati, na kwamba sehemu nyingine za mwili wake ni dawa. Macho hayo hayajamtajirisha mtu.

Hata polisi wamewahi kuhadaiwa na mnyama huyu, ingawa si kwa kosa lake. Mkojo wake, autumiao kuwekea mipaka ya eneo lake, una harufu kali inayofanana sana na ya bangi. Katika bustani ya wanyama ya mji wa Rotterdam, nchini Uholanzi, harufu hiyo iliwafanya polisi wawasake wavuta bangi. Mshitakiwa alipopatikana, alikuwa guara ndani ya wigo wake, naye hakuwa na kiberiti wala karatasi.

Wapo pia waliomfahamu mapema. Katika nyumba ya kale ya kidini iitwayo Caraça, katika jimbo la Minas Gerais, mapadri walianza katika miaka ya 1980 kumwekea guara chakula usiku kwenye ngazi za kanisa. Mnyama aliyesemwa kuwa tishio akawa anapanda ngazi polepole, akila mbele ya wageni waliokaa kimya, kisha akirudi zake msituni. Na mwaka 2020, benki kuu ya Brazili ilipotoa noti mpya ya reali 200, picha iliyowekwa juu yake ilikuwa ya guara. Yule aliyekimbizwa kwa mawe sasa yumo mifukoni mwa watu.

KIUMBE ASIYEONEKANA

Kiumbe wa pili hana miguu, hana sauti, hana macho. Jina lake la kitaalamu ni maikrosistisi, naye ni wa kundi la viumbe waitwao sayanobakteria. Watu humwita ukoga wa kijani, na wengi humdhania kuwa jani la majini. Kwa hakika si jani. Ni bakteria, lakini bakteria wa namna ya pekee, kwa sababu hujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua kama yafanyavyo majani ya mti.

Udogo wake ni wa kustaajabisha. Mmoja akiwa peke yake, upana wake ni elfu chache tu za milimita, hata macho hayawezi kumwona. Lakini hakai peke yake. Hujikusanya kwa maelfu ndani ya ute laini, na ndani ya mwili wake ana vifuko vidogo vya hewa vinavyomwezesha kupanda na kushuka majini. Siku za joto, pasipo upepo, makundi hayo hupanda juu yakatanda. Jioni ziwa lilikuwa safi. Asubuhi ukingo wote umefunikwa na rojo la kijani, mfano wa rangi ya mafuta iliyomwagika. Likianza kuoza, huchanganyika na rangi ya samawati na kutoa harufu mbaya.

Haifai kumhukumu kiumbe huyu kuwa adui tangu mwanzo. Jamii ya sayanobakteria ni ya kale mno. Ni wao walioanza kuijaza dunia hewa ya oksijeni, zaidi ya miaka milioni 2,000 iliyopita, kabla hakujakuwa na jani, samaki wala mtu. Kila mwenye kuvuta pumzi leo anadaiwa nao. Wakiwa wachache katika ziwa lenye afya, hawamdhuru mtu. Hatari huja wanapozidi kiasi, nao huzidi pale wanapolishwa kupita kiasi. Chakula kinachowanenepesha ni fosforasi na naitrojeni, ambazo hutoka katika maji machafu ya vyoo, mavi ya mifugo, sabuni na mbolea ya chumvichumvi inayooshwa na mvua kutoka mashambani.

SUMU ISIYOSHINDWA NA MOTO

Maikrosistisi wengi hutengeneza sumu iitwayo maikrosistini. Sumu hiyo hulenga ini. Ikiingia katika ini kwa wingi, huharibu nguzo zinazozishikilia chembechembe za kiungo hicho, zikaporomoka, na ini likavimba kwa damu. Shirika la Afya la Ulimwengu limeweka kipimo cha maji ya kunywa ya kila siku: gramu moja ya sumu hiyo ikigawanywa sehemu milioni moja, lita moja ya maji isiwe na zaidi ya sehemu moja.

Jambo ambalo kila mama na kila mpishi wa kambi anapaswa kulishika ni hili: sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha maji. Moto huwaua wadudu wa kipindupindu, wa homa ya matumbo na wa kuhara damu. Kwa hiyo kuchemsha maji ni desturi njema isiyofaa kuachwa. Lakini maikrosistisi akichemshwa, mwili wake hupasuka, na sumu iliyokuwa imefungiwa ndani humwagika katika maji. Maji yanayoendelea kuchemka hupungua kwa mvuke, sumu ikabaki. Aliyedhani kwamba amejikinga kwa sufuria na kuni, amejipikia madhara.

Wakazi wa mji wa Toledo, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, walijifunza hayo mwezi Agosti, 1996 ikiwa imekwisha kupita miaka 18. Yaani Agosti, 2014. Ukoga wa Ziwa Erie ulifika kwenye bomba linalovuta maji ya mji, na watu wapatao 400,000 na zaidi wakaamriwa wasinywe maji ya bomba. Amri hiyo ilisisitiza pia kwamba wasiyachemshe. Katika muda mfupi maduka yaliishiwa na maji ya chupa, ilhali ziwa lenyewe ni miongoni mwa maziwa makubwa ya dunia.

Wanyama nao hawasalimiki. Tangu mwaka 1878, George Francis aliandika juu ya kondoo, farasi na mbwa waliokufa baada ya kunywa maji yenye ukoga wa jamii hii katika Ziwa Alexandrina, nchini Australia. Katika bara la Afrika, mwaka 2020 ndovu zaidi ya 300 walikufa nchini Botswana, na mwezi Septemba mwaka huo serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba chanzo kilikuwa sumu ya sayanobakteria katika mabwawa waliyonywea. Ndovu hamwogopi simba. Aliangushwa na kisichoonekana.

MSIBA WA CARUARU

Msiba unaokumbukwa zaidi ulitokea Brazili yenyewe, katika mji wa Caruaru, jimbo la Pernambuco, mwezi Februari, 1996. Katika mji huo palikuwa na kituo cha wagonjwa wa figo, ambao damu yao ilisafishwa kwa mashine mara kadhaa kila juma. Kazi hiyo huhitaji maji mengi, kiasi cha lita 120 kwa mgonjwa mmoja kila anapolazwa kwenye mashine, na maji hayo hutenganishwa na damu yake kwa utando mwembamba tu. Ulikuwa wakati wa ukame. Maji yaliletwa kwa magari kutoka katika bwawa la karibu, nayo hayakuwa yamesafishwa ipasavyo.

Wagonjwa 131 walikuwa wakihudumiwa. Kati yao 116 walianza kulalamika: macho yaliona ukungu, kichwa kiliuma, wakatapika. Baadaye maini ya wagonjwa 100 yaliharibika. Waliokufa katika msiba huo walikuwa 76, na wataalamu walithibitisha kwamba vifo visivyopungua 52 vilitokana na sumu ya sayanobakteria. Maini ya marehemu yalipopimwa, maikrosistini ilipatikana ndani yake.

Inafaa kutafakari jambo hilo. Watu hao hawakwenda porini, wala hawakukutana na mnyama usiku. Walikwenda kutafuta uzima, wakalala juu ya kitanda safi, na maji yakawaua. Katika nchi hiyo hiyo palikuwa na wakulima waliokesha na bunduki wakimvizia guara, mla matunda. Hofu ilikuwa imeelekezwa njia isiyo yake.

KIMPUNGUZACHO MMOJA HUMWONGEZA MWINGINE

Ingekuwa kosa kudhani kwamba viumbe hao wawili hawana uhusiano. Uhusiano upo, na kiungo chake ni binadamu.

Cerrado ni nyika yenye ukubwa wa kilomita za mraba milioni mbili hivi, na mito mingi mikubwa ya Brazili huanzia humo. Zamani ardhi yake ilihesabiwa kuwa haifai kwa kilimo, kwa sababu ina uchachu na haina rutuba. Kuanzia miaka ya 1970 wataalamu walionyesha kwamba ikitiwa chokaa na mbolea ya fosforasi kwa wingi hutoa mavuno makubwa ya soya. Nyika ikafyekwa, na hadi sasa kiasi cha nusu ya uoto wake wa asili umekwisha kuondolewa. Guara, anayehitaji eneo pana na miti ya lobeira, akabanwa. Barabara zilizopasuliwa zikawa mahali pa kugongwa na magari, na mbwa wa majumbani wakamwambukiza maradhi.

Na maikrosistisi je? Kila kilichomwondolea guara makao kilimwandalia huyu karamu. Ardhi iliyofyekwa hushindwa kushika udongo. Mvua huuosha pamoja na mbolea mpaka mabwawani. Na miji inayokua humwaga uchafu wake majini. Yule anayepanda miti anapungua, na yule anayetia sumu anaongezeka.

Brasília ililiona jambo hilo kwa macho yake. Mji huo una ziwa liitwalo Paranoá, lililotengenezwa kwa kuziba mto wakati wa ujenzi ili lipendezeshe mji na kuupoza. Kwa miaka mingi maji machafu ya wakazi yaliingia humo. Mwaka 1978 maikrosistisi walitanda juu ya ziwa, samaki wakafa, na uvundo ukaingia katika nyumba za mji mkuu. Wakati huo huo, katika hifadhi ya taifa iliyo kando ya mji, guara waliendelea kutembea usiku bila kumdhuru mtu. Hata mtaa mmoja wa huko huitwa Guará, kwa jina la mnyama huyo.

Lakini habari ya ziwa hilo haikuishia kwenye uvundo. Katika miaka ya 1990 serikali ilijenga mitambo miwili ya kusafisha maji machafu, yenye uwezo wa kuiondoa fosforasi kabla maji hayajaingia ziwani. Ukoga uliponyimwa chakula ulipungua, maji yakarudia uwazi wake, na watu wakaanza tena kuogelea. Mwaka 2017, wakati wa ukame, mji ulianza kuchota na kusafisha maji ya ziwa hilo kwa ajili ya kunywa. Hivyo ikaonekana kwamba adui huyu hapigwi kwa bunduki wala kwa dawa peke yake. Hushindwa kwa kunyimwa posho.

ZIWA VIKTORIA NALO

Guara hapatikani Afrika, lakini maikrosistisi yuko hapa. Wataalamu wamemwona katika Ghuba ya Winam upande wa Kenya, na katika Ghuba ya Murchison upande wa Uganda, mahali maji ya mji wa Kampala yanapochotwa kule Ggaba ili yasafishwe. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji machafu ya mji kuelekea ghuba hiyo, na kabla hayajafika hupita katika kinamasi cha mafunjo. Mafunjo hayo, ambayo wengine huyadharau na kuyafyeka ili walime magimbi, ni askari wa zamu wasiolipwa mshahara: hushika tope na kunyonya sehemu ya fosforasi na naitrojeni. Kila ekari inayofyekwa ni lindo lililoachwa wazi.

Magugu maji yalipoliingia Ziwa Viktoria na kuenea katika miaka ya 1990, kila mtu aliyaona. Mitumbwi ilikwama, wavuvi walilia, nchi zote tatu zikayapiga vita kwa mashine na kwa wadudu. Ukoga wa kijani haukwamishi mtumbwi. Huja asubuhi, upepo ukavuma, ukaondoka, na mtu akateka maji yake kama kawaida. Kwa sababu hiyo huogopwa kidogo kuliko unavyostahili.

YA KUFANYA NYUMBANI NA KAMBINI

Familia zinazoishi kando ya ziwa, pamoja na askari wanaopiga kambi penye bwawa, wafaa kuyashika haya.

Kwanza, maji yaangaliwe kabla ya kutekwa. Yakiwa na utando au rojo la kijani, au harufu ya majani yaliyooza, yasitekwe kwa kunywa, kupikia wala kumnyweshea mtoto. Upepo husukuma ukoga kuelekea ukingo mmoja. Ukingo huo uepukwe kabisa, na ikiwezekana maji yatafutwe katika chemchemi, kisima au tangi la mvua.

Pili, kuchemsha kuendelee kwa ajili ya maradhi mengine, lakini kusihesabiwe kuwa dawa ya ukoga. Vidonge vya kusafishia maji navyo visitegemewe pale maji yalipokwisha kuwa kijani.

Tatu, watoto wasiogelee katika rojo hilo, kwa maana huleta upele, kutapika na kuharisha. Aliyekwisha kuoga humo aoshwe upesi kwa maji safi. Mbwa wa ulinzi na mifugo nao wazuiwe. Mbwa hufa hata kwa kujilamba manyoya yaliyoloa.

Nne, samaki waliovuliwa penye ukoga wasafishwe vizuri, matumbo na maini yao yatupwe, kwa kuwa sumu hukusanyika zaidi katika viungo hivyo.

Tano, mtu akiumwa tumbo, akatapika au macho yake yakageuka manjano baada ya kutumia maji ya namna hiyo, apelekwe hospitali bila kuchelewa, na mganga aelezwe habari za maji. Mganga asiyeambiwa hawezi kubuni.

Sita, ambalo ndilo la msingi: vyoo vichimbwe mbali na maji, nguo na magari yasioshwe ziwani, mbolea isitiwe mashambani mvua kubwa inapokaribia, na mafunjo ya ukingoni yaachwe. Kambi inaweza kulisimamia jambo hilo kwa amri moja, na nyumba kwa desturi.

Askari hufundishwa kumtambua adui kabla ya kuinua silaha. Huko Brazili watu wengi walimpiga risasi mpanda miti, huku wakimlisha kwa mikono yao muuaji aliyekuwa ndani ya maji. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mara nyingine kimo ndani ya mtungi, kikingoja kikombe.